Marehemu Akiitwa Kutoa Ushahidi

MWANAIDI: Wiki hii nilihudhuria kikao cha mirathi hapa Ngamiani, Tanga, kilichoanza baada ya adhuhuri na kutufikisha magharibi bila jibu. Swali lilikuwa kama marehemu alimpa bintiye nyumba kwa hiba au alimruhusu kuishi humo tu, na kila aliyesimama alisema kwamba marehemu angekuwepo mwenyewe, yote yangekwisha. Hapo nikaikumbuka Altered Carbon, tamthilia ya upelelezi ambamo aliyekufa anaweza kurudi.

HATIBU: Nami nimeiandalia mafunzo matatu kwa vijana wanaoandika hadithi za upelelezi. Riwaya ya Richard K. Morgan ilitoka mwaka 2002, na Netflix ikaonyesha msimu wa kwanza wa tamthilia mwaka 2018, vipindi 10. Katika ulimwengu huo kumbukumbu za mtu huhifadhiwa katika kifaa kidogo kilichopandikizwa nyuma ya shingo, na mwili ukifa kifaa huhamishiwa mwili mwingine. Tajiri Laurens Bancroft anapigwa risasi na kifaa chake kinaharibika, lakini nakala ya kumbukumbu zake hutunzwa kila baada ya saa 48, hivyo anarudi akiwa hajui saa zake za mwisho zilikwendaje. Polisi wanasema alijiua. Yeye hakubali, anamkodi Takeshi Kovacs achunguze. Somo la kwanza, basi, ni kwamba aliyeuawa ndiye...

MWANAIDI: Subiri, kaka Hatibu, hatujamtaja yule bibi. Afisa wa polisi Ortega anamleta bibi yake aliyekwisha kufa kwenye karamu ya familia akiwa ndani ya mwili wa jambazi aliyejaa michoro ya wino. Niambie, wajukuu wanaanza na shikamoo?

HATIBU: Bila shaka wanaanza, kwa sababu aliyeingia ni bibi yao.

MWANAIDI: Na mzee wa jirani aliyeketi barazani, asiyejua habari hizo, akimwona kijana wa namna ile anapita kimya bila kumwamkia?

HATIBU: Atakasirika, na atakuwa na haki mpaka aelezwe. Lakini Kovacs ananisumbua zaidi: amehifadhiwa miaka 250 bila mwili. Siwezi kumhesabia miaka ambayo hakuiishi.

MWANAIDI: Mimi namhesabia yote, maana umri huanzia siku ya kuzaliwa. Mzee wetu wa miaka 80 angemwamkia Kovacs.

HATIBU: Hata kidogo, dada! Heshima ya shikamoo inatokana na uliyoyapitia, na mtu aliyewekwa ghalani hakupitia kitu.

MWANAIDI: Basi Bancroft, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kwa kununua miili, ataamkiwa na Tanga nzima.

HATIBU: Ataamkiwa, ingawa moyo wangu utakuwa mzito. Turudi kwenye ushahidi, kwa kuwa ndipo tamthilia ilipo na uzito. Wapo waumini wanaokataa kurudishwa baada ya kufa, na sheria namba 653 inapendekezwa ili waliouawa warudishwe kwa muda, watoe ushahidi. Mimi ningeipinga. Mtu aliyeacha wasia wa imani hageuzwi chombo cha mahakama.

MWANAIDI: Nami ningeiunga mkono, kwa sababu muuaji humtafuta yule ambaye hatasema. Msichana Mary Lou Henchy anaanguka kutoka angani, na rekodi ya imani yake imeghushiwa ili aonekane muumini. Bila sheria hiyo, aliyeghushi amemziba mdomo milele.

HATIBU: Hiyo ni hoja ya kumwadhibu aliyeghushi. Haihalalishi kumwamsha aliyekataa kwa hiari yake.

MWANAIDI: Utamjuaje aliyeghushi wakati shahidi pekee amelala?

HATIBU: Kwa upelelezi, ambayo ndiyo kazi ya Ortega.

MWANAIDI: Nimekisikia kikao kile, Hatibu. Sikubaliani nawe.

HATIBU: Wala mimi sitoki hapa nilipo. Na fundi mitambo ananionyesha kuwa muda umekwisha, nami sijamaliza hata somo la kwanza.

MWANAIDI: Wasikilizaji watutumie ujumbe wa sauti, watuambie kama miaka 250 ya Kovacs inahesabiwa.

HATIBU: Haihesabiwi.