Rangi ya sanamu huanzia kwenye zege

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Asanteni kwa kunialika hapa Kigoma tuzungumzie rangi za sanamu na chemchemi za mapambo, zile tunazojenga kwenye vipilefti na bustani za mji.

Sanamu zetu nyingi ni zege na nondo. Zege bichi ni kali kama magadi; pH yake, yaani kipimo cha ukali huo, hufika 12 au 13. Ukilipiga rangi ya mafuta, ukali ule unayala mafuta na kuyageuza sabuni. Rangi inalainika, inabanduka, kisha lawama zinakwenda dukani. Liacheni zege likomae siku 28, mpige praima, yaani koti la msingi, inayostahimili saruji, ndipo rangi ya maji ya akriliki ifuate, kwa sababu inaruhusu mvuke utoke.

Kwenye chemchemi tukae zaidi. Ufa mmoja tu wa beseni unatosha kuharibu kila kitu. Maji yanapenya ndani ya zege, jua linayavuta nje, yanakuta rangi imeziba njia, yanaisukuma mpaka inavimba malengelenge. Yanabeba na chumvi, ndio ule unga mweupe mnaouona ukutani. Kuongeza koti la rangi juu yake ni kutupa fedha ya wananchi! Kwangueni kwa brashi ya waya, zibeni ufa, acheni pakauke kabisa. Ndani ya beseni pigeni epoksi, rangi ngumu isiyopitisha maji, ila isibaki wazi juani, itapauka. Kwa mvua za huku, kazi hii ni ya kiangazi, Juni hadi Septemba, hata kama mgeni rasmi anakuja Machi.

Shaba msiiguse kwa rangi. Sanamu ya shaba ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimama tangu 1927, inahitaji kuoshwa na kupakwa nta, basi.

Lakini kuna sanamu ambazo rangi ndiyo kazi yenyewe. Paris kuna chemchemi ya Stravinsky, ya 1983: maumbo ya msanii Niki de Saint Phalle yanang'aa kwa rangi kali kando ya mashine nyeusi za msanii mwenzake Jean Tinguely. Ukibadilisha rangi pale umemfuta msanii. Nasi tuwaheshimu wasanii wetu hivyo hivyo. Kabla ya kupaka upya, kwangua sehemu ndogo iliyojificha, hesabu makoti, utafute rangi ya kwanza. Namba yake iandikwe kwenye daftari la halmashauri, na kopo moja libaki stoo.