Dawa Zilikuwa Zile Zile

(Mhadhara uliotolewa Moshi tarehe 12 Oktoba, Siku ya Ugonjwa wa Viungo Duniani, mbele ya wagonjwa, familia zao na wanafunzi wa uuguzi)

Wazee wangu, shikamooni. Wengine habari za asubuhi. Nimepewa nusu saa, na naona wengi mmekaa kwenye mabenchi yasiyo na egemeo. Mtu akitaka kusimama, anyooshe magoti, azunguke huko nyuma, asione haya. Leo kusimama wakati mwenzako anaongea si utovu wa adabu.

Nianze na neno lenyewe. Huku kwetu kila kinachouma kwenye kiungo ni "baridi". Ulifua usiku, ulilala sakafuni, ulioga maji ya baridi ukitoka shamba. Mgonjwa anafika kliniki keshajihukumu, keshapata kosa alilolifanya mwaka juzi. Lakini magonjwa ya viungo yanazidi mia moja, na matatu ndiyo yanayojaza foleni yetu.

La kwanza ni kusagika: gegedu inayofunika ncha za mifupa inalika, goti linalia ukipanda ngazi. Hili ndilo mnaloliita "ute umeisha", na ndilo linalouza bamia. (Kicheko.) Mnacheka, lakini kuna watu humu wamekunywa maji ya bamia asubuhi hii. Bamia ni mboga nzuri, mimi mwenyewe naila na ugali. Utelezi wake unaishia tumboni, haujui njia ya kwenda gotini. La pili ni jongo: asidi ya yuriki inaganda kama visindano ndani ya kiungo, mara nyingi kwenye dole gumba la mguu, mpaka mtu hawezi kuvumilia hata shuka limguse. Huyo ndiye wa kuambiwa apunguze nyama nyekundu na bia. La tatu ni baridi yabisi yenyewe. Hapa kinga ya mwili inamgeukia mwenye mwili na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Vidole vya mikono yote miwili vinavimba, asubuhi vinakakamaa saa nzima au zaidi, na usipotibiwa vinapinda visirudi. Halina uhusiano na sakafu. Nimewahi kuona akina mama walioacha nyama miaka mitatu kwa sababu ya ushauri wa jongo waliopewa wasio na jongo. Wamekonda, na vidole vimeendelea kupinda.

Nitakaa kwenye hili la tatu.

Dawa zake zina historia inayoanza na mgonjwa aliyesema jambo na daktari asiyempuuza. Aprili 1929, katika Mayo Clinic kule Minnesota, Marekani, mgonjwa mmoja alimwambia Dk. Philip Hench kwamba tangu apatwe na manjano viungo vyake vimepoa. Ilikuwa habari ya ajabu: ugonjwa mmoja umekuja, mwingine umeondoka. Hench akaanza kuwauliza wengine, akasikia pia kwa wajawazito kwamba mimba huwapa nafuu. Akasema basi mwilini mna kitu. Alikitafuta miaka kumi na tisa, baadaye akiungana na mwanakemia Edward Kendall. Septemba 1948 wakamchoma sindano mama wa miaka 29 aliyekuwa amegoma kuruhusiwa hospitali mpaka apone. Siku chache baadaye alikuwa anatembea, akaenda mjini kununua vitu dukani. Dawa ile ndiyo kotisoni, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeusz Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel.

Ila furaha ile ilikuwa na deni. Dozi kubwa za muda mrefu zilijaza nyuso, zikapandisha sukari na presha, zikadhoofisha mifupa. Prednisoloni mnayoijua ni ya ukoo huohuo. Sisemi msiitumie mkiandikiwa, mimi mwenyewe naiandika, kwa muda na kwa kiasi. Nasema hivi: mtu akikuuzia chupa ya mitishamba stendi na uvimbe ukaisha siku ya pili, itilie shaka chupa hiyo. Kuna wanaosaga humo vidonge vya ukoo huu.

Sasa, tunajuaje kwamba dawa inafanya kazi na si bahati? Wanafunzi, hapa andikeni. Baridi yabisi hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hatafuti dawa siku anayojisikia vizuri. Anaitafuta maumivu yakiwa kileleni, na aliye kileleni njia iliyobaki ni ya kushuka. Chochote alichokunywa siku hiyo kitasifiwa wiki inayofuata. Bamia imejengewa jina namna hii. Kwa hiyo watafiti wanapiga kura: wagonjwa wanaofanana wanagawanywa bila kuchaguliwa na mtu, hawa wanapata dawa, hawa kidonge kitupu kinachofanana nayo, na anayewapima hajui nani kapata nini. Wote wameelezwa na wameridhia, na anayetaka kujitoa anajitoa. Methotreksati ilipita njia hiyo. Ilianza kama dawa ya saratani, ikajaribiwa kwa dozi ndogo ya mara moja kwa wiki, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu rasmi kwa baridi yabisi. Mpaka leo ndiyo nguzo ya matibabu.

Kisha ikaja London. Mwaka 1992, katika hospitali ya Charing Cross, Marc Feldmann na Ravinder Maini waliwapa wagonjwa wao wa kwanza dawa inayozuia kemikali moja tu ya kinga, iitwayo TNF. Matokeo ya jaribio la kura yakatoka 1994, na watu walioshindikana kwa dawa nyingine wakainuka. Hizi ndizo sindano za bei kali mnazosikia. Ni dawa za kweli. Lakini kemikali hiyohiyo ndiyo husaidia mwili kuifungia kifua kikuu iliyolala, na mwaka 2001 waliripotiwa wagonjwa 70 walioamkiwa na kifua kikuu baada ya kuitumia mojawapo. Katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, hakuna kuchoma sindano hiyo kabla ya kupima.

Nimepita haraka hapo kwa makusudi, kwa sababu jaribio ninalolipenda kuliko yote halikuwa na dawa mpya hata moja.

Lilifanyika Glasgow, Scotland, na kuchapishwa 2004. Wagonjwa 110 wa baridi yabisi walipigiwa kura. Nusu waliendelea na kliniki ya kawaida, kila baada ya miezi mitatu hivi. Nusu waliitwa kila mwezi. Kila wakija, daktari anabonyeza viungo kimoja kimoja, anahesabu vilivyovimba na vinavyouma, anapata alama. Alama ikiwa juu, haruhusiwi kusema "tuendelee hivihivi, tuonane". Lazima afanye kitu: aongeze dozi, aunganishe dawa, au akichome sindano kiungo kilichovimba. Na dawa zilikuwa zilezile za siku zote: salfasalazini, methotreksati, haidroksiklorokwini. Baada ya miezi 18 wakahesabu ambao ugonjwa wao umetulia kabisa. Kliniki ya kawaida: 9 kati ya 55. Kliniki ya kila mwezi: 36 kati ya 55.

Narudia kwa waliokuwa wamesimama nyuma. Tisa, na thelathini na sita. Dawa zilezile. Na gharama, ukijumlisha yote, haikuzidi.

Miaka tisa baadaye, Wamarekani wakachapisha jaribio la watu 353 ambao methotreksati peke yake haikuwatosha. Wengine waliongezewa sindano ya bei kali, wengine wakaongezewa vile vidonge viwili vya kawaida. Baada ya wiki 48 hapakuwa na tofauti ya maana. Mgonjwa akiniambia, "Daktari, mimi ni maskini, dawa yangu ipo Ulaya," huwa namuonyesha namba hizi. Mara nyingi dawa yake ipo kwenye begi lake. Kinachokosekana ni kuonwa.

Na hapa niseme kosa langu. Kulikuwa na mama mmoja, nilimgombeza mbele ya wenzake kwa kuruka kliniki mara tatu. Alinyamaza. Nesi ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mama hawezi kushika bomba la daladala. Vidole havifungi. Konda anamwambia shika, gari linaondoka, anaanguka juu ya watu. Basi anasubiri gari lenye kiti kitupu, na asubuhi halipo. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye faili lake "mkaidi". Hata dawa alikuwa hazimezi wiki nyingine, kwa sababu kifuniko cha kopo kilimshinda na nyumbani alikuwa peke yake.

Ndiyo maana nasema kikundi chenu hiki, mnachokiona ni cha kufarijiana na kuchangiana nauli, kwangu ni sehemu ya matibabu. Mwenzako akikupitia asubuhi mkapanda gari pamoja, huo ni ule mwezi wa Glasgow.

Na msidhani wagonjwa wanafaa kusindikizana tu. Tangu 1992 wataalamu wa dunia wamekuwa wakikutana katika jopo liitwalo OMERACT kuamua mambo gani yapimwe kwenye majaribio ya baridi yabisi: viungo vilivyovimba, maumivu, kipimo cha damu. Kwa miaka kumi walikaa wenyewe. Mwaka 2002 wakawaalika wagonjwa mezani, na wagonjwa wakaona upungufu ambao maprofesa hawakuuona: uchovu. Si usingizi, ule uchovu wa kuamka umechoka, wa kukaa kwenye kigoda jikoni usijue utainuka vipi. Haukuwa kwenye orodha. Leo unapimwa. (Mama mmoja: "Na waume wanasema uvivu!") Umesikia, mama. Waambie una jina kwenye vitabu.

Hapa jirani, wilayani Hai, watafiti wa KCMC, hospitali yetu ya rufaa hapa Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow, mji uleule, wamepita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye magonjwa haya na kujua yanawagharimu nini. Kazi ya mwanzo ilikuwa kuyaweka maswali ya uchunguzi katika Kiswahili ambacho bibi wa kijijini atakijibu. Mnaelewa kwa nini. Ukimuuliza "una baridi?" atakuambia ndiyo, na mwezi wa saba sote tunayo.

La mwisho ni la kumezea dawa, na hili nataka mlishike kwa sababu linaua. Methotreksati ni mara moja kwa wiki. Si kila siku. Atakayeimeza kila siku itaharibu uboho wake na anaweza kufa. Chagueni siku moja, iandikeni kwenye kopo kwa kalamu ya wino mzito. Foliki, ile vitamini mnayoandikiwa pamoja nayo, inamezwa siku nyingine. Damu na ini vipimwe kwa ratiba, pombe ikae mbali, na dada anayetaka kushika mimba aje tuzungumze kwanza, kabla, kwa sababu dawa hii inamdhuru mtoto tumboni. Na msiiache wiki ya tatu mkisema haifanyi kazi. Huchukua hata miezi miwili au mitatu kuonyesha.

Swali? Ndiyo, mzee wangu pale. Siku gani ni nzuri? Yoyote, mzee, dawa haina Ijumaa wala Jumatatu. Yule mama wa daladala alichagua Jumapili jioni. Ndiyo siku mjukuu wake yupo nyumbani, wa kumfungulia kopo.