Mbona "into" inakukataa? Vihusishi vya mwendo kwa Kiingereza

Hamjambo jamani, karibuni tena. Leo sina habari za viza wala za kutafuta kazi. Leo ni Kiingereza, na hasa vile vineno vidogo mnavyoniuliza kila siku: to, into, onto, across, through, past. Tafsiri zake mmezikariri, lakini ukifungua mdomo kuzungumza vinakataa kukaa mahali pake. Tatizo si kumbukumbu yako, wala usimkasirikie mwalimu wako.

Sikilizeni sentensi hii: "The cat ran out of the house, across the road and up a tree." Kitenzi ni kimoja tu hapo, ran. Sasa iseme kwa Kiswahili. Paka alitoka ndani mbio, akavuka barabara, akapanda mti. Vitenzi vimeshakuwa vitatu! Na kule kukimbia kwenyewe kumesukumwa pembeni, kumebaki "mbio". Sisi safari ya paka tunaiweka ndani ya kitenzi: kutoka, kuvuka, kupanda. Mwingereza kitenzi chake kinakwambia miguu ilikuwa inafanya nini tu, halafu safari yote anawabebesha out of, across na up.

Mwanaisimu wa Kimarekani, Leonard Talmy, alilichambua jambo hili katika maandishi yake ya mwaka 1985: kuna lugha zinazoibeba njia kwenye kitenzi, na kuna zinazoibeba nje ya kitenzi. Kiingereza kimo kwenye kundi hilo la pili. Kwa hiyo anayekariri vihusishi kimoja kimoja huku sentensi ameijenga Kiswahili, atahangaika sana.

Fanya hivi. Una sentensi "aliingia chumbani akinyata". Usikimbilie "ingia". Anza na kunyata, kifanye ndicho kitenzi: "She tiptoed into the room." Kule kuingia kote kumemezwa na into. Nyingine: "alivuka mto kwa kuogelea". "He swam across the river." Kuvuka kumegeuka across. Jaribu na "alishuka ngazi mbio" kabla sijasema. Umepata? "He ran down the stairs."

Sasa huyu "-ni" wetu. Niko shuleni, naenda shuleni, natoka shuleni. Shuleni ni ileile, kitenzi ndicho kinachoamua. Kiingereza kinadai useme mwenyewe: at school, to school, from school. Ndiyo maana utamsikia mtu anasema "I removed the book in the bag", maana kichwani mwake ni "nimetoa kitabu mkobani", na "-ni" kwake ni in. Kitabu kinatoka, basi sema kinatoka: "I took the book out of the bag."

Na kuanguka je? "Mtoto ameanguka kitandani." Hebu niambieni, alikuwa juu ya kitanda akafika sakafuni, au alikuwa amesimama akajibwaga kitandani? Kwetu mazungumzo yenyewe yatakwambia, hakuna anayehangaika. Kwa Kiingereza lazima uchague: off the bed, ametoka kitandani, onto the bed, amefikia kitandani. Kitu kinachotoka juu ya kitu kingine, off. Kinachotoka ndani, out of. Wamarekani wengi watasema "out the window" bila of. Usishtuke, ndivyo wanavyosema.

Kitenzi ninachokiogopa kuliko vyote ni "pita", maana kinafanya kazi ya watu watano. Unaelekezwa njia, unaambiwa upite kanisa. Je, kanisa linabaki ubavuni nawe unaendelea na safari? Hiyo ni past the church. Unaingia mlango mmoja na kutokea mwingine? Through the church, na huenda ukakuta ibada inaendelea. Unafuata mto, maji yako kando yako muda wote? Along the river. Kwenye daraja unapita juu, over the bridge, au chini yake, under the bridge. Hapo ukikosea kihusishi, mtu atapotea kweli.

Across na through ndizo zinazowasumbua wengi. Across ni kutoka upande mmoja hadi wa pili wa kitu kilicho tambarare, kama barabara, uwanja au ziwa. Through unakuwa ndani ya kitu, kinakuzunguka pande zote: msitu, handaki, umati wa watu. Lakini angalia shamba la mahindi. Yakiwa yamevunwa, unatembea across the field. Yakiwa yamekuzidi urefu, unasukuma majani kwa mikono, unatembea through the field. Shamba ni lilelile! Mwingereza haliangalii jina la mahali, anaangalia wewe uko vipi ndani yake. Mimi hapa ndipo nilipoanza kuipenda lugha hii.

To na towards: "she walked to the door", amefika mlangoni. "She walked towards the door", ameuelekea tu, huenda akageuka njiani. Wamarekani huandika toward bila s.

Halafu at, hiyo ina shari. "Nirushie mpira" ni "throw the ball to me". Ukisema "throw the ball at me", umeomba upigwe nao. Kwa sauti ni vilevile: shout to me, niite kwa sauti nikusikie, shout at me, nigombeze.

Kuna vitenzi ambavyo tayari vina njia ndani yake kama vyetu. Enter, approach na descend viliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, na havitaki msaidizi: "enter the room", basi, achana na into. Reach nayo haitaki to. Arrive ndiyo mkaidi: at kwa kituo, in kwa jiji au nchi, to kamwe. Na home, here, there, abroad hazitanguliwi na to ukiwa unakwenda. "Go home." Hivi vikariri tu, havina mjadala.

Vyombo vya usafiri: gari dogo ni get into na get out of. Basi, treni, ndege na meli ni get on na get off. Wengi hufundishwa kwamba ukiweza kusimama na kutembea ndani ni on. Inasaidia, ingawa baiskeli na farasi ni on pia, na humo hakuna ndani ya kutembea. Unakaa juu yake.

Haya, kazi yenu. "Ndege aliingia dirishani, akazunguka chumba, akatokea mlangoni." Ndege huyu ana mabawa, kwa hiyo kitenzi ni flew, na sitaki kuona kingine. Vihusishi vitafuteni wenyewe. Video ijayo tunasahihisha.