Balozi wa Simu Yako ni Nani?

Asante mwenyekiti. Mada yangu ni serikali kupekua taarifa za simu zetu. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na mzee wangu pale mbele ameshaanza kucheka. Ndiyo, ni ile habari ya khanga. Nivumilieni.

Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa kaya kumi za jirani. Usiku mmoja polisi wakamgongea: wanakwenda kupekua kwa jirani mwenye duka, wanamtaka awe shahidi. Mimi nina miaka tisa, nikajipenyeza nyuma ya kanzu yake. Wakafungua makabati, wakainua magodoro, wakatoa sukari, sabuni za mche, khanga. Askari anaandika orodha kwa mwanga wa chemli: khanga, doti 14. Baba akasema, "Afande, tuhesabu tena." Askari akanuna. Zikahesabiwa moja moja sakafuni. Doti 16. Baba hakutia saini mpaka 14 ikakatwa, ikaandikwa 16.

Sasa msinielewe vibaya. Baba hakuwa mpinzani. Alikuwa mwana-CCM wa kadi, na alimpenda kupita kiasi Sokoine, waziri mkuu aliyeiongoza vita hiyo. Jirani kupekuliwa, alikubali. Kupekuliwa bila hesabu ndiko alikokataa.

Haya, leo kabati, godoro na barua za mapenzi vyote vimo kwenye simu. Mnakumbuka foleni za NIDA, za vitambulisho vya taifa vya kusajilia laini, mpaka ile Januari 20, 2020 laini zisizo na alama za vidole zikaanza kuzimwa. Kwa hiyo laini ni wewe mwenyewe. Umempigia nani, saa ngapi, ukiwa karibu na mnara gani, kampuni ya simu inayo. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, ikampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru mwenye taarifa azitoe. Sawa. Balozi yuko wapi? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamdai askari aliyekamata mali atoe stakabadhi, isainiwe na mwenye nyumba na mashahidi. Akibeba redio yako mbovu, unabaki na karatasi. Akibeba orodha ya simu zako za miezi sita, hata kujua hujui.

Kuna mtu ataniambia, kama huna baya unaogopa nini? Nimeulizwa hivyo mara nyingi mpaka nimechoka. Jamani, jirani yetu *alikuwa* na baya! Sukari ilikuwa uvunguni. Na bado khanga zake zilikuwa 16, si 14.

Mwingine atasema ugaidi. Agosti 7, 1998 nilikuwa hapa hapa Dar. Watu 11 walikufa pale ubalozi wa Marekani, na Nairobi zaidi ya 200. Sijasema serikali ifumbe macho. Upo uchunguzi ambao ukimwambia mhusika leo, kesho yuko mpakani. Basi leo ajue jaji, mhusika ajue kazi ikiisha. Kwa wenzetu Kenya, sheria ya ujasusi ya 2012 inamtaka ofisa apate kwanza hati ya jaji wa Mahakama Kuu. Kama inafuatwa kila siku, waulizeni wao. Lakini imeandikwa.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nikimbie. Ibara ya 16 ya Katiba mnaijua. Wengi huishia ile ndogo ya kwanza, ya faragha. Someni ya pili: sheria itaweka hali, namna na *kiasi* cha kuingiliwa. Kiasi! Utakijuaje bila mtu wa kuhesabu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inambana vizuri mwenye duka na mwenye hospitali, ila ikifika kwenye usalama wa taifa inapunguza sauti. Kamera za barabarani nilikuwa nazo hapa kurasa mbili, naziacha.

Kabla hamjaniuliza, maana huulizwa kila mara: jirani alirudi baada ya miezi mitano. Khanga hazikurudi. Nakala ya orodha alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya msahafu, na kila akija kwetu Iddi alimwonesha baba ile 14 iliyokatwa.

Haya, kijana wa nyuma, uliza.