Polisi wa Akiba Langoni mwa Kampuni

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kufika mapema. Nimeambiwa humu ukumbini mna mameneja wa kampuni za ulinzi, mna wasimamizi wa hifadhi za wanyamapori, na mna polisi wa akiba wenyewe, wale ambao mashinani bado tunawaita KPR, yaani Kenya Police Reserve, hata baada ya sheria kuwabadilisha jina. Nitasema na wote bila kuzunguka.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: mtu akishakuwa polisi wa akiba, ana haja gani tena ya kusajiliwa kama mlinzi? Si ameshapigwa msasa? Si ana bunduki ya serikali? Jibu ni kwamba anahitaji, sawa na mtu mwingine yeyote. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtambua kama raia aliyejitolea kusaidia kulinda maisha na mali, akipangiwa kazi na polisi. Biashara ya ulinzi ina sheria yake, ya mwaka 2016, ambayo inamtaka anayelinda kwa malipo asajiliwe na PSRA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia ulinzi binafsi. Awe na mafunzo yanayotambuliwa, na rekodi yake ya jinai iwe safi. Kukubaliwa upande ule hakukusajili upande huu.

Kwenye bunduki ndipo nataka tukae kidogo. Mlinzi wa kampuni hapa Kenya hubeba rungu na redio. Ndiyo maana gari la pesa likitoka benki, wenye silaha ni polisi. Sasa, silaha ya polisi wa akiba imetolewa kwa kazi ya polisi. Namba yake imeandikwa, risasi zimehesabiwa, naye ametia saini. Si mali yake, wala haigeuki kuwa cheti cha raia cha kumiliki silaha, maana hicho kina utaratibu wake chini ya Sheria ya Silaha. Meneja anayemwajiri mtu kwa sababu "huyu anakuja na yake" amenunua kisichouzwa.

Tuseme ni saa nane usiku, lango la ghala, mtu wetu anafyatua na mtu anaanguka. Swali la kwanza litakuwa: nani alikutuma? Kama ni OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, kuna kanuni katika Jedwali la Sita la sheria ya polisi kuhusu kutumia silaha, na wajibu wa kutoa taarifa mara moja kwa mkubwa wake. Kama ni bosi wa kampuni, silaha ile ilikuwa inafanya nini pale? Hapo bosi na aliyefyatua wote wawili wana kesi ya kujibu.

Geuza basi: aliyepigwa risasi ni yeye. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Lakini kampuni ikisema huyo ni mtu wa polisi, na kituo kikisema usiku huo hakikumpangia kazi, mke wake atabisha mlango upi? Bila mkataba wa maandishi, huyo mama atazungushwa mpaka achoke.

Msinielewe vibaya, simlaumu anayetafuta riziki. Serikali iliwapa watu hawa silaha na majukumu, ikaita kujitolea, halafu ikashangaa walipofuata mshahara. Turkana, baada ya mafuta kupatikana katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, baadhi ya KPR walichukuliwa kulinda shughuli za mafuta, na malalamiko yakawa kwamba bunduki zilizokusudiwa kulinda mifugo na manyatta zimehamia kwenye kambi za kampuni. Kisha mwaka 2019 serikali ikakusanya silaha za polisi wa akiba kaskazini ili wapigwe msasa upya. Aliyeajiriwa kwa sababu ya bunduki tu, siku hiyo alibaki na nini cha kumwonyesha mwajiri?

Kampuni inayotaka ulinzi wa silaha iombe kwa Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi nchini. Sheria inaruhusu polisi kupangwa mahali pa mtu binafsi kwa malipo yanayokwenda kwa Huduma yenyewe. Hifadhi nazo zina njia yao: Ol Pejeta kule Laikipia ina walinzi ambao ni polisi wa akiba, kwa mpango ambao polisi wenyewe wanaujua na kuusimamia. Ghala la mjini lisijifananishe na hifadhi yenye vifaru.

Kijana wa pale mbele ameinua mkono tangu nianze. Anauliza kama anaweza kusimama langoni na sare ya akiba, mradi ameacha bunduki kituoni. Hapana. Ukiwa kazi ya kampuni, vaa sare ya kampuni, beba kitambulisho cha kampuni, na ukimkamata mtu, mkabidhi kwa polisi haraka kama raia mwingine. Haya, nani mwingine?