Iko Wapi Saa?

Ahsante, mwenyekiti. Walioko nyuma sogeeni mbele, projekta hii imechoka kunishinda mimi.

Wanaonifahamu wanajua naanzia wapi. Kila mara naanzia hapohapo, na sitaacha mpaka watu waache kunitumia picha za "Marekani ya zamani" kwenye simu, hazina mpigaji, hazina mwaka, hazina mahali, halafu wananiuliza, "Mwalimu, unaonaje?" Naonaje nini? Mgeni akibisha hodi unamuuliza katokea wapi. Picha inaingia ndani mpaka jikoni, hakuna anayeiuliza!

Haya, tazameni hii. Mtu na mwanawe, wa jamii ya Wapiegan, wenyeji asilia wa Amerika, wa huko Montana, wamekaa chini ndani ya hema. Mpigaji ni Edward Curtis, mwaka 1910. Katikati yao pana kiko cha tumbaku na vikorokoro vyake. Imetulia kweli, ukiitazama unasema hawa dunia haijawafikia. Ndiyo aliyoichapa Curtis katika ile kazi yake kubwa ya majuzuu 20, iliyotoka kati ya 1907 na 1930, ambayo tajiri J. P. Morgan aliitilia fedha.

Sasa hii ya pili. Imo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Watu walewale, hema lilelile, kiko kilekile. Nani kaona tofauti? Tazameni vizuri, sina haraka. Binti wa mstari wa tatu anasema saa. Ndiyo! Saa ya mezani, ya mviringo, imekaa pale katikati yao kama mtu wa nyumbani. Na ndivyo ilivyokuwa, ilikuwa ya nyumbani. Ilipofika kuchapwa, ikafutwa.

Najua kuna mtu anasema moyoni: saa tu, ina nini? Ina kila kitu, ndugu yangu! Mwaka 1910 watu hawa walikuwa wanaishi katika eneo walilotengewa na serikali, wanavijua vitu vya dukani kama unavyovijua wewe. Lakini Curtis alikuwa keshaamua kwamba anapiga picha za watu wanaotoweka, na mtu anayetoweka ana haja gani ya kujua saa ngapi? Saa ingemharibia hadithi. Basi Wapiegan hawakutoweka, wapo Montana mpaka leo. Iliyotoweka ni saa.

Mwingine atasema: kumbe mwongo, tumtupilie mbali. Hapana, na hapo huwa nakasirika. Curtis alipiga makumi ya maelfu ya picha, akarekodi nyimbo na lugha, na leo wajukuu wa watu hao hao wanazitumia kuwatambua wazee wao. Mimi nasema kitu kimoja tu: mfutaji kafuta, lakini maktaba imetunza yenye saa. Mkusanyiko wake pale ulitokana na nakala alizopeleka mwenyewe kusajili hakimiliki. Kwenye simu yako ungeletewa ile safi, ukaisifia, ukalala.

Huwa nasimulia pia habari ya matundu, nitapita mbio. Miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliwatuma wapigapicha vijijini kuwapiga picha wakulima waliofilisika. Mkuu wao, Roy Stryker, negativu asiyoipenda, yaani ile filamu inayotolewa picha, aliitoboa tundu. Mahali pengine tundu limeangukia usoni, kwa hiyo unamwona mtu kasimama na duara jeusi badala ya uso. Hata hizo zilizotobolewa maktaba haikuzitupa. Zimo katika mkusanyiko wa negativu kama 175,000, na nyingi unaweza kuzifungua bure, sasa hivi, ukiwa umekaa hapo.

Mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Sijui ni dakika mbili au hoja mbili, nachukua vyote. W. E. B. Du Bois, yule msomi Mweusi wa Marekani, atanisamehe: albamu zake zenye picha 363 za Weusi wa Georgia, zilizopelekwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, nimezibeba lakini hatuzifikii. Zitafuteni wenyewe, humo humo katika Maktaba ya Bunge. Mtaona vijana wamefunga tai na mabinti wamenyooka kwenye viti, mjiulize zilikuwa zinamjibu nani.

La mwisho, maana kuna anayesema Marekani inatuhusu nini. Chuo Kikuu cha Northwestern, pale Evanston, Illinois, kina mkusanyiko wa Winterton: maelfu ya picha za Afrika Mashariki, tangu 1860 hadi 1960. Mababu zetu wamo humo. Mkimkuta mmoja kashika mkuki mbele ya pazia la studio, msianze kumsifia ushujaa. Ulizeni kwanza mkuki ni wa nani, wake au wa studio.

Maswali? Naam, mzee wangu mwenye kofia, karibu. Na wewe binti wa saa, usiondoke, nina kazi na wewe.