Kanga, Picha na Barua: Kutengeneza Kolaji kwa Matabaka

Wakubwa shikamooni, na vijana wenzangu hamjambo.

Leo nimekuja na vitu vitatu vya marehemu bibi yangu. Hii ni kanga yake: mnaona pindo, mnaona mji, na hapa chini jina lake, NANI KAMA MAMA. Hii ni picha aliyopigwa studio, nyeusi na nyeupe, kona moja imekatika. Na hii ni barua, mwandiko wake mwenyewe. Vyote nimevipiga skana, na kwa vitatu hivi tutatengeneza kolaji, yaani picha moja iliyounganishwa kutokana na vipande mbalimbali.

Neno lenyewe limetoka kwa Wafaransa, kwenye kitenzi cha kubandika kwa gundi. Mwaka 1912 wachoraji Picasso na Braque walikuwa wakibandika vipande vya karatasi kwenye kazi zao huko Ufaransa, na siku hizi Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, anajulikana duniani kwa sanaa hiyohiyo. Lakini kwa gundi, ukishabandika umebandika. Photoshop nayo, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, haikuwa na matabaka hadi toleo la 3.0, mwaka 1994. Mimi natumia GIMP, programu ya aina hiyohiyo, kwa kuwa ni ya bure. Nitakayosema yanafaa kwenye zote mbili.

Matabaka ni kama karatasi za nailoni zinazoonyesha, zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja na picha yake. Kanga iwe chini, bibi juu yake, barua juu kabisa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Nyuma ya bibi kuna ukuta wa studio, nasi hatuutaki. Mkono utakimbilia kifutio. Usikiguse! Kifutio kinaondoa kabisa. Lipe tabaka la bibi barakoa, yaani kifuniko cha kuficha bila kufuta. Barakoa ina nyeupe, nyeusi na kijivu tu: palipo peupe picha inaonekana, palipo peusi inafichika, palipo kijivu inaonekana nusunusu. Paka weusi juu ya ukuta. Ukipitiliza ukamla bibi sikio, geuza brashi iwe nyeupe, pitisha tena, na sikio linarudi, kwa sababu halikwenda popote. Kwenye bega naweka brashi ngumu. Kwenye ukingo wa mtandio nailainisha, maana kitambaa kikikatwa kama kwa wembe, jicho linajua.

Tabaka la barua napenda kuliwekea hali ya kuzidisha (Multiply), yaani namna ya kulichanganya na yaliyo chini yake, na ni kuzidisha kweli, kama kwa hesabu. Programu inaupa mwanga wa kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, namba kati ya 0 na 1. Karatasi nyeupe ni 1, na chochote ukikizidisha kwa 1 kinabaki kilivyo. Wino mweusi unakaribia 0, kwa hiyo unabaki mweusi. Karatasi inatoweka, na mwandiko wa bibi unatulia juu ya mji wa kanga. Ila barua ya zamani imeshika manjano, na manjano hayo yatafifisha rangi za kanga. Ondoa rangi kwanza, kisha ongeza mwanga hadi karatasi iwe nyeupe tupu.

Kama mtachapa A3, anzeni na turubai ya pikseli 3508 kwa 4961, ndizo pikseli 300 kwa kila inchi. Na hifadhini faili la matabaka, XCF ya GIMP au PSD ya Photoshop. JPEG ni ya kutuma WhatsApp. Ndani yake matabaka yote yameshagandana.

Nasema haya kwa uchungu. Kolaji ya kwanza ya bibi niliitengeneza kwa ajili ya arobaini yake, nikatumia kifutio, nikahifadhi JPEG peke yake. Shangazi aliitazama kimya kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, umemkalisha mama juu ya jina la kanga yake." Ni kweli, maneno yalikuwa yanaishia NANI KA. Sikuwa na namna ya kumsogeza. Chini yake hapakuwa tena na kanga.

Hii mnayoiona ukutani nimeianza upya. Safari hii shangazi alikaa kando yangu. Nilishika tabaka la bibi nikalipandisha polepole, herufi zikaanza kutokeza moja moja, mpaka akaniwekea mkono begani na kusema, "Hapo hapo."